Fundi wa Bagamoyo aliyegeuzwa mashoto

Machi 2024 nilikuwa kwa kinyozi wangu Ilala, kitambaa shingoni, mashine inanguruma sikioni, macho hayana pa kwenda isipokuwa ukutani. Ukutani palitundikwa kalenda ya kampuni moja ya bima, zile ndefu ambazo juu kuna picha na chini tarehe. Picha ya mwezi wa tatu ilikuwa ya mzee akikalafati mashua ufukweni, yaani akiziba mianya ya mbao zake, nyundo iko hewani, bahari inang'aa nyuma yake. Nikajisemea, kazi nzuri hii. Halafu nikaanza kuwashwa. Yule mzee kama namfahamu. Mashua kama naifahamu. Hata mkunjo wa shati lake naujua, ila picha nzima haikukaa sawa machoni, kama nyumba ya jirani ukiingilia mlango wa uani.

Kinyozi akanizungusha kiti nijitazame kwenye kioo. Kalenda nayo ikatokea kwenye kioo, nyuma ya bega langu, na hapo hapo nikaitambua. Ndani ya kioo ilikuwa picha niliyoipiga mwenyewe. Nje ya kioo walikuwa wameigeuza, kulia kumekuwa kushoto, ili nembo yao ipate nafasi upande wenye anga tupu. Fundi yule hupiga nyundo kwa mkono wa kulia. Kwenye kalenda walishamfanya mashoto.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi vijiweni kwa ufupi, na kikiwa kifupi mimi ndiye niliyeibiwa, basi. Leo nakiandika kwa urefu kwa sababu kwa urefu hakiko hivyo.

Asubuhi ya Juni

Picha niliipiga Juni 2019. Nilikuwa nimelala Bagamoyo baada ya harusi, mwili umechoka, lakini mpiga picha akilala pwani halafu asione jua likichomoza hujihisi ana deni. Saa moja na dakika kumi asubuhi nilikuwa ufukweni, si mbali na soko la samaki, pale wanapolaza vyombo juu ya magogo. Mashua moja mpya ilikuwa haijapakwa rangi. Fundi alikuwa anasokota pamba, anaichovya kwenye mafuta, anaisukumiza kwenye mwanya baina ya mbao mbili kwa patasi butu, kisha nyundo: ta, ta, ta. Anasimama, anapapasa kwa kidole gumba, anaendelea. Mafuta yenyewe ni sifa, mafuta ya papa, na ukisimama upande unakoelekea upepo utaelewa kwa nini watalii hawakai pale zaidi ya dakika mbili.

Nikamwamkia. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba."

"Naomba nikupige picha ukiwa kazini."

"Piga. Lakini mimi sisimami."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, yote. Yakumbuke, tutayarudia.

Kamera ilikuwa Canon 6D niliyoinunua mkononi mwa mtu Kariakoo, na lenzi ya milimita 50 yenye kufunguka hadi f/1.8, ile ndogo nyepesi ambayo wenye pesa huiita ya kuanzia. Watu wakiiona picha ile swali la kwanza ni kamera gani, la pili lenzi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilisimama wapi, na jibu lote liko hapo. Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatoka baharini na ukimpiga mtu mwenye bahari nyuma yake unapata kivuli kilichosimama, sura hakuna. Nilizunguka mpaka jua likawa ubavuni, likamgusa shavu moja na upande mmoja wa nyundo, na mchanga mweupe ukawa unarudisha mwanga kidogo kwenye shavu la pili. Kamera ikiona bahari yote ile inang'aa hudhani pana mwanga mwingi kuliko ulivyo usoni, inafunga, na mtu mweusi anakuwa mkaa. Nikaongeza mwanga kwa makusudi, nikakubali bahari iungue kidogo. Bahari hainidai sura yake, fundi ananidai.

Kilichobaki kilikuwa ni nyundo. Nikaweka kasi ya 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/4, nikaacha kupiga, nikasikiliza kwanza. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu, kimya. Pigo la tatu ndilo alilolipandisha juu zaidi, bega linafunguka, na nyuzi za pamba zinaonekana zikining'inia kwenye mwanya. Nikawa nahesabu naye. Picha 43, moja ndiyo hiyo.

Nikaiweka Instagram ikiwa na jina langu pembeni. Ikapendwa, ikasambazwa, ikanipa wafuasi. Pesa haikunipa hata ya nauli ya kurudi Dar.

Pikseli zilinipeleka nisikokutarajia

Narudi kwa kinyozi. Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa ya kila mpiga picha: wameichota Instagram. Nikaomba ile karatasi ya Machi. Kinyozi akakataa. "Mwezi haujaisha kaka, nitajuaje tarehe?" Tukakubaliana nitaichukua mwezi ukiisha, na tarehe mosi Aprili kweli alinitunzia, ameikunja na kuifunga mpira. Siku ile aliniruhusu tu kuisogelea na kuipiga picha ikiwa ukutani.

Nilipoisogelea ndipo hesabu ikaanza kugoma. Eneo la picha lilikuwa sawa na karatasi ya A3 iliyolazwa, sentimita 42 upana. Instagram ilikuwa inahifadhi picha kwa upana wa pikseli 1080, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha. Ukizitandaza pikseli 1080 kwenye sentimita 42 unapata kama 65 kwa kila inchi, wakati chapa nzuri inataka 300. Pamba ingekuwa uji. Mimi pua yangu ilikuwa imekaribia kugusa karatasi na bado nilikuwa nahesabu nyuzi za pamba. Faili la 6D lina pikseli 5472 kwa 3648, ambazo kwa 300 kwa inchi zinakupa sentimita 46 kwa 31. A3 inaingia humo na kubakisha ukingo mdogo wa kukata. Pembeni, mahali lilipokuwa jina langu, mchanga ulikuwa safi, hauna hata dalili ya kufutwafutwa.

Maana yake haikuchotwa popote. Walikuwa na faili kamili. Na faili kamili nilikuwa nimempa mtu mmoja tu duniani.

Mwaka 2020 dada mmoja wa shirika linalofundisha vijana kazi za mikono aliniandikia WhatsApp. Wanatoa ripoti ya mwaka, wameipenda ile picha, wanaweza kuitumia? Nimeirudia meseji yangu mara nyingi mpaka nimeihifadhi: "Poa dada, tumieni tu, haina shida." Nikamtumia kiungo cha kupakulia faili kubwa, kubwa kabisa, kwa kujionyesha kwamba mimi si mchoyo na kamera yangu ina uwezo. Wakanitumia shilingi 150,000 ya shukrani. Hakukuwa na karatasi. Ukubwa wa matumizi, muda, nani mwingine anaruhusiwa, hakuna. Ukurasa wa ripoti ya A4 ungetosheka kwa pikseli 2,500 hivi za upana, na ningemtumia hizo nisingezuia chochote, lakini angalau walioichapa A3 wangeona inalegea na kuuliza kama kuna faili kubwa zaidi. Wangeuliza, wangenifikia.

Nikampigia dada. Alishtuka kwa dhati, akatafuta, akarudi na jibu baada ya siku mbili. Ripoti yao ilitengenezwa na dizaina wa kujitegemea. Dizaina akamaliza kazi, faili zikabaki kwenye diski yake, ndani ya folda aliyoiita "Picha za Bongo". Miaka mitatu baadaye akawa anafanya kazi kwa wakala wa matangazo. Wakala akapata zabuni ya kalenda ya bima. Dizaina akafungua folda.

Nilizungumza naye kwa simu. Sitasema alikuwa mwizi. Alikuwa kijana aliyesahau zile picha zilitoka wapi, na kwenye diski lake picha zisizo na jina zote zinafanana na za bure. Faili langu lilikuwa halina jina ndani yake wakati kamera ile ile ina sehemu kwenye menyu ya kuandika jina la mpigaji, linajiandika lenyewe kwenye kila picha. Ni dakika moja. Sikuwahi kuifungua sehemu hiyo tangu niinunue kamera.

Mabishano ya herufi mbili

Usiku wa kwanza nilishaandika posti. Picha mbili, yangu na yao iliyogeuzwa, jina la kampuni kwa herufi kubwa, na maneno makali. Rafiki yangu wakili akaniambia niihifadhi, nisiipandishe. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara tu: ukishawachoma hadharani, idara ya masoko inanyamaza na barua zako zinahamia kwa watu wanaolipwa kwa saa ili wasikubali kitu. Barua kwanza. Posti haiozi.

Ushahidi nilikuwa nao zaidi ya nilivyojua. Faili ghafi, lile ambalo kamera hulihifadhi kabla halijabanwa kuwa picha ya kawaida, lilikuwa kwenye diski ya nje pamoja na nambari ya kamera ndani yake, na kamera yenyewe iko kabatini. Zaidi ya hilo, zilikuwepo zile nyingine 42. Mtu anaweza kuwa na picha yako, hawezi kuwa na iliyotangulia na iliyofuata, nyundo ikipanda na nyundo ikishuka. Wakili alizipanga zote kwenye kurasa mbili kama mkanda wa sinema, na nadhani kurasa zile zilifanya kazi kuliko vifungu vyote tulivyovinukuu.

Vifungu navyo si vigumu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania Bara, inazilinda picha kama inavyovilinda vitabu na muziki. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na chini ya mkataba huo haki haisubiri usajili, inaanza kazi inapozaliwa. Kusajili kunasaidia ushahidi, hakukupi haki usiyokuwa nayo. Tena sheria inampa mwenye kazi haki ya kutajwa jina, na ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na chombo chao, COSOZA. Picha ile ningeipiga Nungwi, kule Zanzibar, ningebisha hodi mlango mwingine.

Barua yetu ilikuwa ukurasa mmoja. Kampuni ya bima ikaisukuma kwa wakala, kwa haki kabisa, maana wakala alikuwa amewasainia kwamba picha zote ni halali. Wakala akajibu siku ya tisa. Jibu lao halikugusa pikseli, halikugusa faili ghafi. Liliambatanisha meseji yangu ya WhatsApp, ambayo dada wa shirika alikuwa amempa dizaina enzi zile kama uthibitisho kwamba ruhusa ipo. *Poa dada, tumieni tu, haina shida.*

Hapo ndipo nilipojifunza sarufi upya. Hoja yao ilikuwa hivi: mpiga picha alikuwa anazungumza na mtu mmoja, dada. Angetaka kumruhusu yeye peke yake angesema *tumia*. Amesema *tumieni*. Basi ameruhusu kundi, na dizaina alikuwa ndani ya kundi. Na akaongeza *tu*, yaani bila masharti, na kama hiyo haitoshi akasema haina shida.

Ukicheka, nami nilicheka, kisha nikaacha. Sisi tunasema *tumieni* kwa sababu yule dada ni ofisi, na ofisi ni wengi. Na hiyo *tu* ni ya kulainisha maneno, kama unavyomwambia mgeni "kaa tu". Mtu aliyeambiwa "kaa tu" hahamii na vyombo. Lakini jaribu kulieleza hilo kwenye barua yenye muhuri. Wakili wangu aliliweka vizuri kuliko mimi: meseji ni jibu, na jibu halizidi swali. Swali lilikuwa la ripoti ya mwaka ya shirika. Kalenda ya bima haikuulizwa, kwa hiyo haikujibiwa. Wakala hawakukubali wala hawakupinga. Walianza kuuliza bei, na wakala akianza kuuliza bei ujue mabishano ya sheria yamekwisha.

Bei nilidai milioni sita. Nilikuwa na maelezo yake: kalenda 5,000, mwaka mzima ukutani, bila jina, picha imegeuzwa. Ukweli ni kwamba ile ilikuwa bei ya hasira. Wangenipigia Novemba 2023, kabla ya kuchapa, wakaniuliza kwa adabu, ningesema laki nne na ningeenda kusherehekea. Watu wa fani wanajua kwamba matumizi ya biashara huhesabiwa kwa mahali picha itakapokaa, nakala ngapi, muda gani, na kama wengine nao wanaruhusiwa kuitumia. Mimi kwa miaka yote nilikuwa nahesabu kwa siku ya kazi na nauli, kwa hiyo sikuwa na bei ya picha iliyokwisha kupigwa. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba mtu amewahi kunilipa hivyo. Wakala walilijua hilo. Tukakutana kwenye milioni mbili na laki mbili, mwezi wa saba. Walitaka ankara yenye nambari ya mlipakodi, wakakata kodi ya zuio, na wakili akachukua laki tatu, bei ya urafiki.

Dizaina sikumdai. Wapo walioniambia nimekosea. Alipoteza kazi ya wakala, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuona sehemu yangu kwenye lile kosa.

Tangu hapo kazi yangu inatoka tofauti kidogo. Kila faili lina jina langu na namba ya simu ndani, ingawa mitandao huyafuta maandishi hayo ukipandisha. Mteja wa mtandaoni anapata faili dogo, la kuchapa linatoka baada ya kujua linachapwa wapi. Na kila picha inaondoka na karatasi ya mistari minne: nani anaruhusiwa, kwa matumizi gani, mpaka lini, jina la mpigaji liandikwe wapi. Wateja wa harusi wanaishangaa kidogo, wa maofisi wanaipenda kuliko picha.

Mwenye sura

Agosti nikaenda Bagamoyo na karatasi ya Machi. Nakiri nilienda kwa furaha, kama mtu anayempelekea mwenzake habari ya ushindi. Fundi alikuwa pale pale, mashua nyingine, harufu ile ile. Sikuwa nimerudi kwake tangu 2019 hata kumpelekea nakala ya picha, na hilo nalo nililikumbuka nikiwa nimeshamwamkia.

Akaishika karatasi kwa mbali, mikono imenyooka, kama wazee wanavyosoma. Akaitazama muda mrefu. Akacheka.

"Huyu mashoto nani?"

Nikamweleza habari ya kugeuza. Akamwita kijana wake, wakaitazama pamoja, wakawa wanaonyeshana mbao. Kijana akainama akasoma maandishi madogo chini ya picha, ambayo mimi kwa miezi mitano ya barua na pikseli sikuwa nimeyatilia maanani. Yalisema: "Mvuvi wa pwani akiandaa chombo chake."

Mzee akaacha kucheka. "Mvuvi?"

Kijana akasoma tena.

"Mimi sijavua hata dagaa," akasema. "Na chombo si changu. Kile kilikuwa cha mtu wa Mlingotini." Akanirudishia karatasi, akachukua patasi. Alipiga nyundo mara kadhaa ndipo akaniuliza, bila kunitazama, "Walikulipa?"

"Walinilipa, Mzee."

"Shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Sikuwa na namna ya kupunguza.

"Na mwenye sura je?"

Mpaka swali lile nilikuwa nimejiona mtu aliyechukuliwa kilicho chake bila kuulizwa. Sasa aliyekuwa anauliza alikuwa mtu ambaye mimi nilimwomba picha ya kazini, akasema piga, na ile *piga* yake nikaipeleka Instagram, nikaipeleka kwenye ripoti, nikaiuzia bima. Nilikuwa nimebishana miezi kwamba *tumieni tu* haifiki kwenye kalenda. *Piga, lakini mimi sisimami* nayo inafika wapi?

Kisheria jambo hili si la kubezwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu, na sura inamtambulisha mtu kuliko jina. Majirani zetu Kenya wameshaonyesha kwamba si maneno ya vitabuni: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ruhusa ya wazazi. Mzee angepata wakili kama wangu, barua yangu ya madai ingegeuzwa kama ile picha na kurudi kwangu.

Wapiga picha tuna utetezi wetu, na si wa uongo wote. Picha ya mtu kazini, mahali pa wazi, ikikaa kwenye maonyesho au gazetini, ni kumbukumbu. Tukisubiri karatasi kwa kila uso, soko la samaki halitapigwa picha tena mpaka mwisho wa dunia. Lakini sura ikishaanza kuuza kitu, bima, rangi, mtandao wa simu, mtu amekuwa mfanyakazi wa tangazo bila kujua ameajiriwa. Mpaka uko hapo, na niliuvuka siku nilipoandika ankara.

Baada ya zuio na wakili nilibakiwa na milioni moja na laki nane kasoro. Nikampa laki sita. Hakuna kanuni ya theluthi mahali popote, niliitoa kichwani nikiwa nimekaa kwenye gogo. Mwenzangu mmoja wa fani aliposikia akaniambia nitawaharibia soko, kwamba sasa kila mmachinga tutakayempiga atataka theluthi. Nikamwambia kila mmachinga utakayemuuza, ndiyo. Hatujapatana mpaka leo.

Mzee alizihesabu noti mara mbili, akazitia mfukoni, akashukuru bila kuzidisha. Kisha nikatoa karatasi ya ridhaa niliyokuwa nimeiandaa, kwa Kiswahili cha kawaida, nikamsomea kwa sauti: kwamba amekubali picha yake iliyopigwa tarehe fulani itumike kwenye maonyesho, vitabu na mitandao, kwamba ikiuzwa kwa tangazo ataulizwa kwanza na atapata theluthi ya malipo, kwamba picha haitageuzwa. Hiyo ya kugeuza niliiongeza mwenyewe nikidhani nampendeza.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema mashoto si kitu, hata marehemu kaka yake alikuwa mashoto na alikuwa fundi mzuri. Akaniambia nichukue kalamu niongeze mstari mmoja chini, kabla hajaweka dole gumba. Karatasi hiyo ninayo, ina doa la sifa kwenye kona na bado inanuka. Mstari wa mwisho uko kwa mwandiko wangu, maneno ni yake: *Na asiitwe mvuvi.*